Taa za hali kwenye vifaa vya kuhifadhia data

Taa za hali, au taa za viashiria, ni taa ndogo za LED zinazokaa usoni mwa diski kuu, seva na makasha ya diski ya mtandao. Kwa rangi yake na namna inavyopepesa, taa humjulisha fundi kama diski ni nzima, inafanya kazi, inaelekea kufa au imeshakufa. Kama homa kwa mgonjwa, huonyesha kwamba pana tatizo; sababu yake hutafutwa kwingine, hasa katika kumbukumbu za kidhibiti cha diski.

Historia

LED ya kwanza ya mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak wa General Electric, Marekani. Kabla yake kompyuta kubwa zilitumia balbu ndogo na taa za neoni. IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski kuu ya megabaiti 10 yenye taa nyekundu usoni, na kwa miaka mingi baadaye taa ya diski ilikuwa ndiyo habari pekee ambayo mtumiaji wa kawaida alipewa: ikipepesa, mashine inahangaika na kazi, ikiwaka tu bila kukatika huku skrini imetulia, mashine imeganda.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoipa RAID jina lake, yaani diski nyingi za bei nafuu kufanya kazi kama moja. Tangu hapo swali la fundi likabadilika. Hakuuliza tena kama diski inafanya kazi, bali ni ipi kati ya 12 iliyokufa.

Rangi na mpigo

Kwa kawaida kijani ni uzima, rangi ya chungwa ni onyo au hitilafu, nyekundu ni hatari, na bluu hutumika kumwonyesha fundi kifaa anachokitafuta. Lakini anayetazama rangi peke yake amesoma nusu ya habari. Mpigo ndio wenye maneno mengi.

Kiwango kiitwacho IBPI, kilichowekwa katika waraka SFF-8489, kilijaribu kuleta lugha moja. Kwa mujibu wake, taa ya hitilafu inayowaka mfululizo ni diski iliyokufa. Kupepesa mara 4 kwa sekunde ni diski inayotafutwa. Mara 1 kwa sekunde ni diski inayojengwa upya. Na mipigo miwili ya haraka ikifuatwa na kituo ni diski inayotabiriwa kufa. Kiwango ni kizuri, ila watengenezaji wakubwa wameendelea na lahaja zao. Kwenye seva nyingi za Dell, rangi ya chungwa inayopepesa mara 4 kwa sekunde ni diski iliyokufa, ilhali kasi hiyohiyo katika IBPI ni wito wa "niko hapa". Seva za HPE huonyesha kifo kwa chungwa lisilopepesa, na tangu kizazi cha Gen8 trei zake za diski zina taa nyeupe ya kukataza: ikiwaka, diski hiyo isichomolewe, kwa kuwa kuichomoa kutaangusha data yote inayoitegemea. Ni ubunifu wa maana kuliko wote katika uwanja huu, kwani unamkanya mtu kabla mkono haujafika.

Drobo, kasha la diski lililopendwa na wapiga picha, lilikwenda mbali zaidi katika urahisi. Kila diski ilikuwa na taa ya kijani, njano au nyekundu, na safu ya taa 10 za bluu ilionyesha nafasi iliyojaa, kila moja asilimia 10. Mtumiaji hakuhitaji kujua RAID ni nini. Kampuni iliyolitengeneza iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2022.

Utambuzi wa hitilafu

Kosa linaloua data nyingi hutokea baada ya taa kuwaka. Chukua seva yenye diski 4 katika RAID 5, mpangilio unaostahimili kufa kwa diski moja tu. Kidhibiti kinaripoti kwamba diski namba 2 imekufa. Fundi anahesabu moja, mbili, anabonyeza kishikizo na kuvuta trei. Mashine ilihesabu kuanzia sifuri. Diski iliyokufa ilikuwa ya tatu, na iliyo mkononi mwake ilikuwa nzima. Sasa zimekosekana mbili, na mfumo mzima umeanguka.

Ndiyo maana mafundi wazoefu huwasha taa ya kutafutia kwanza. Kwenye Linux hutumika programu ya ledctl. Kisha hulinganisha namba ya mfululizo iliyo kwenye lebo ya trei na iliyoandikwa na kidhibiti. Taa za diski kadhaa zikibadilika kwa wakati mmoja, hasa umeme uliokatika unaporudi, mshukiwa wa kwanza awe kebo, ubao wa nyuma, ugavi wa umeme au kidhibiti. Ni nadra diski tatu kufa dakika moja. Wakati diski mpya inajengwa upya, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi au hata siku, kasha lisiguswe.

Kijani nacho si cheti cha afya. Mwaka 2016 kampuni ya Backblaze ya Marekani iliripoti kwamba asilimia 23.3 ya diski zake zilizokufa hazikuonyesha onyo lolote katika vipimo 5 vya SMART (mfumo wa diski kujipima afya) ilivyovitegemea.

Upofu wa rangi

Takriban mwanamume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani; kwa fundi wa aina hiyo, mpigo ni wa kutegemewa kuliko rangi.

Usalama

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walionyesha kwamba taa ya diski inaweza kuamriwa ipepese siri za kompyuta isiyounganishwa na mtandao wowote, hadi biti 4000 kwa sekunde.

Matumizi ya sasa

Diski nyingi za SSD za aina ya M.2 hazina taa inayoonekana kwa mtumiaji, na vituo vikubwa vya data husimamiwa kwa mbali. Katika ofisi zenye seva moja au mbili, taa bado ndiyo inayoonekana kwanza. Jedwali la rangi na mipigo hupatikana katika mwongozo wa kila modeli; lichapishwe na kubandikwa kwenye mlango wa raki, kwa kuwa siku ya hitilafu huenda mtandao wenyewe usifunguke.