Paka Mzee Katika Nyumba ya Muislamu: Wanazuoni Walisema Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Swahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi, liko swali ambalo hurudi mara kwa mara. Paka ameishi nyumbani miaka kumi na tano. Sasa ni mzee, hali, hawezi kusimama, na usiku analia kwa maumivu. Je, tumwache mpaka ajifie mwenyewe, au daktari wa mifugo amchome sindano apumzike? Wapo wanaodhani kuwa swali hili limekuja na hospitali za wanyama za Ulaya. Ukweli ni kwamba mafakihi wetu walilijadili karne nyingi zilizopita, na walikhitilafiana. Tuitazame historia hiyo, kwani ina manufaa kwa mwenye kutaka kuamua leo.

PAKA KATIKA ZAMA ZA MWANZO

Imepokewa kwamba Kabsha bint Ka'b alimtilia maji ya udhu baba mkwe wake, Swahaba Abu Qatada (R.A.). Paka akaja anataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akatosheka. Kabsha alipomtazama kwa mshangao, alimfahamisha kuwa Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, kwa kuwa ni katika wanaotuzunguka majumbani. Hadithi hii imo katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan ya Abu Daud na Tirmidhi.

Upande wa pili ni hadithi mashuhuri ya Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, hata akafa. Tuizingatie vizuri. Mwanamke yule hakumpiga paka wala hakumchinja. Alimwacha tu.

HAKI YA MNYAMA ASIYEFAA KWA KAZI

Ibn Khallikan ameandika habari za Ibn Babashadh, bingwa wa nahau wa Misri aliyefariki mwaka 469 Hijria (1077). Alikuwa na kazi ya mshahara serikalini, akisahihisha barua za diwani. Siku moja alikuwa akila na wenzake juu ya sakafu ya msikiti, akaja paka. Wakampa tonge, akalichukua akaondoka, kisha akarudi tena na tena. Walipomfuata wakakuta anampelekea paka mwingine, kipofu, aliyekaa kwenye gofu la nyumba. Ibn Babashadh akasema moyoni kuwa Aliyemruzuku kipofu huyu hatamsahau yeye, akaacha kazi yake na kushika ibada.

Karne mbili baadaye Sheikh Izzuddin ibn Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alizitaja haki za mnyama juu ya mwanadamu katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam. Ya kwanza ni kumlisha inavyomstahiki, hata akizeeka au akiugua mpaka asiwe na manufaa yoyote kwa mwenyewe. Hapo udhuru wa kusema "huyu hashiki panya tena" umekwisha.

Mambo haya hayakubaki vitabuni. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, alisimuliwa kuwa Sultani Baybars (aliyefariki 1277) aliacha bustani iwe wakfu kwa ajili ya paka. Bustani ilishauzwa, lakini Lane aliona paka wakilishwa kila alasiri katika ua wa mahakama ya kadhi. Naye Sheikh Mustafa as-Siba'i wa Sham (1915–1964) ametaja malisho ya wakfu mjini Damascus, ambapo wanyama waliozeeka na kuachwa na wenyewe walichunga mpaka mwisho wa umri wao.

WALIPOKHITILAFIANA

Wote walikubaliana kuhusu kumlisha. Waligawanyika kuhusu kumuua mnyama asiyeliwa ili kumpumzisha.

Madhehebu ya Imam Shafi, yaliyotufikia huku Burundi na Kongo kwa misafara ya pwani kupitia Tabora na Ujiji, yanakataza. Fat-hul Muin ya Zaynuddin al-Malibari, ya karne ya 16, inasema ni haramu kumchinja asiyeliwa hata kama ni kwa kumpumzisha, na mfano wake ni punda aliyedhoofika. Al-Buhuti wa Misri, Mhanbali aliyefariki mwaka 1641, ana kauli kama hiyo. Alimlinganisha na binadamu mwenye maradhi makali: maumivu yake hayatupi ruhusa ya kumuua.

Wamaliki wameruhusu ikiwa mnyama amekatiwa tamaa, na ad-Dardir (aliyefariki 1786) akaliona ni jambo la kupendeza, kwa sababu linamwondolea mateso. Mahanafi nao, katika Fatawa Hindiyya iliyokusanywa India karne ya 17, walisema hapana ubaya kumchinja punda mgonjwa asiyefaa tena. Katika zama zetu Sheikh Ibn Uthaymin (aliyefariki 2001), ingawa ni wa madhehebu ya Hanbali, aliruhusu kumuua asiyeliwa ambaye hatarajiwi kupona.

Kwa hiyo familia mbili za Kiislamu zinaweza kuamua tofauti, na zote zina imamu mbele yao. Tusilaumiane.

UAMUZI NYUMBANI

Kabla ya kuamua, jiulize: nani amechoka, paka au mimi? Kama aliyechoka ni mimi, kwa sababu ya harufu, gharama ya dawa au kufua matandiko, basi hakuna imamu niliyemtaja anayenipa ruhusa ya kumtia paka kwenye gunia na kumtupa sokoni. Huko ni kumrudia yule mwanamke wa hadithi.

Kama aliyechoka ni paka, apimwe kwanza. Paka wazee wengi huugua figo, na baadhi hupata nafuu kwa dawa na chakula laini. Daktari akisema hakuna tumaini, na paka hali, hanywi, hajilambi, anapumua kwa shida, muulizeni sheikh mnayemwamini. Mkifuata kauli ya ruhusa, ifanyike kwa wema alioamrisha Mtume (S.A.W.) hata katika kuchinja: alazwe usingizi kwanza, ndipo ipigwe sindano ya mwisho. Kumpa sumu au kumzamisha majini hakuna nafasi hapa. Mkifuata kauli ya katazo, subira yenu iwe na kazi: maji karibu na mdomo, mahali pakavu, dawa ya maumivu, na mtu wa kumgeuza. Kumsahau uani si subira.

Watoto waambiwe ukweli. Waachwe wamuage na wasaidie kumfukia. Hakuna sala wala talkini kwa paka, lakini Qur'an imetufundisha kuwa wanyama ni umma kama sisi, na kwa Mola wao watakusanywa.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe Vyake. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.