Upimaji wa usalama wa vipandikizi vya polima vinavyoyeyuka mwilini

Upimaji wa usalama wa vipandikizi vya polima vinavyoyeyuka mwilini ni uchunguzi unaofanywa kabla ya vifaa hivyo kuruhusiwa kuunga au kuotesha upya mfupa. Vipandikizi vyenyewe ni skrubu, pini, mabamba na vipande vyenye vitundu mfano wa sifongo, ambamo seli za mfupa hukua. Hutengenezwa hasa kwa asidi ya poliglikoliki (PGA), asidi ya polilaktiki (PLA) au polikaprolaktoni. Maji ya mwilini hukata minyororo ya polima polepole. PLA huishia kuwa asidi ya laktiki, ambayo mwili huigeuza kuwa maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Mgonjwa hahitaji kupasuliwa tena ili kipandikizi kitolewe, na hiyo ni nafuu kubwa.

Mwongozo mkuu wa upimaji ni viwango vya kimataifa vya ISO 10993. Maabara huanza na seli: kipandikizi hulowekwa katika kimiminika cha kukuzia seli kwenye nyuzijoto 37, kisha kimiminika hicho huwekewa seli za panya. Uhai wa seli ukishuka chini ya asilimia 70, nyenzo huhesabiwa kuwa na dalili ya sumu. Sampuli lazima iwe imeshatakaswa kama itakavyouzwa, kwa sababu mionzi ya gama inayoua vijidudu hukata pia minyororo ya polima.

Wanyama hufuata, mara nyingi sungura au kondoo. Mfupa uliowekewa kipandikizi hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini: je, seli za kinga zimerundikana? Je, mfupa mpya umegusana na kipandikizi, au utando wa kovu umeingia kati? Kipandikizi kinene kinahitaji uangalifu zaidi, maana asidi iliyonaswa ndani huharakisha kuoza kwa kiini huku ganda la nje likionekana zima. Ganda likipasuka, asidi humwagika kwa mkupuo.

Swali gumu kuliko yote ni muda. Huko Helsinki, Finland, pini za PGA zilianza kutumika kwa mivunjiko ya kifundo cha mguu mwaka 1984. Baadhi ya wagonjwa, mfupa ukiwa umeshaunga, walipata uvimbe uliotoa majimaji yasiyo na vijidudu. Uholanzi nako, ripoti ya mwaka 1993 ilieleza wagonjwa waliofungwa mabamba ya PLA kwenye mfupa wa shavu, wakarudi wamevimba baada ya miaka 3 hivi. Mabaki ya polima yalikuwa bado yamo.

Kwa hiyo sehemu ya 6 ya ISO 10993 inataka muda wa majaribio ulingane na kasi ya kuyeyuka kwa nyenzo. Jaribio la majuma 12 peke yake halitoshi kuthibitisha usalama wa polima inayodumu mwilini kwa miaka.