Mswada wa Reynolds Mbele ya Wahakiki

Aghalabu historia ya uhandisi husimuliwa kama historia ya vitu: madaraja, mitambo, mabomba na merikebu. Karatasi hazitajwi. Walakini jambo la elimu halikubaliwi na wataalamu mpaka kwanza liwe mswada juu ya meza ya mtu mwingine, mtu asiye na deni kwa mwandishi wake na mwenye haki ya kutia shaka. Mswada mmoja wa namna hiyo ulisomwa katika mkutano wa Royal Society, chama kikongwe cha wataalamu cha London, tarehe 24 Mei 1894. Mwandishi wake, Osborne Reynolds, alikuwa profesa wa uhandisi na mtu mwenye sifa kubwa. Hata hivyo mswada ulikaribia kuwashinda wasomaji wake, na wasomaji hao walikuwa miongoni mwa watu walioijua zaidi elimu ya mwendo wa maji katika zama zile.

Reynolds alizaliwa Belfast mwaka 1842. Kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge alikaa katika karakana ya mhandisi mmoja ajifunze kazi kwa mikono yake, na hata baada ya kuhitimu Cambridge mwaka 1867 katika hesabu, ladha ya karakana haikumtoka. Mwaka 1868, umri wake ukiwa miaka 25, aliteuliwa kuwa profesa wa uhandisi katika Owens College, mjini Manchester, akadumu katika kazi hiyo mpaka mwaka 1905. J. J. Thomson, ambaye baadaye aligundua elektroni, alikuwa mwanafunzi wake. Thomson alisimulia uzeeni kwamba profesa wake alikuwa na desturi ya kulikabili swali peke yake tangu mwanzo, kabla ya kusoma yaliyoandikwa na wengine. Desturi hiyo ina faida kubwa na hasara kubwa. Faida yake ni kwamba mtu hafungwi na makosa ya waliomtangulia. Hasara yake huonekana siku ya kuandika: aliyeikata njia yake mwenyewe porini huwa amekwisha kuipa miti majina ambayo hakuna mwingine ayajuaye.

Katika makala yake ya mwaka 1883 hasara hiyo haikuonekana sana. Swali lilikuwa la watu wote washughulikao na maji. Moshi wa udi hupanda kutoka chetezoni umenyoka kama uzi, halafu juu kidogo hujikunja na kuvurugika. Maji ndani ya bomba nayo hufanya vivyo hivyo. Pengine hupita taratibu, kila tabaka kando ya mwenzake, na pengine huenda kwa vurumai. Ni nini kiamuacho lipi litokee? Reynolds alitengeneza tangi lenye vioo, urefu wake futi 6, upana na kina chake inchi 18. Ndani yake alilaza bomba la kioo lenye mdomo uliopanuka mfano wa tarumbeta, akaingiza mstari mwembamba wa rangi pamoja na maji. Maji yalipokwenda polepole, rangi ilinyoka kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho. Kasi ilipoongezwa, ikafika mahali rangi ikachanganyika ghafula na kulijaza bomba zima; na ilipotazamwa kwa nuru ya cheche ya umeme, mchanganyiko ule ulionekana kuwa ni vizingia vingi vidogovidogo vinavyozunguka.

Alitumia mabomba ya kipenyo cha karibu inchi 1, nusu inchi na robo inchi, na kwa yote jibu lilitoka katika hesabu moja: kasi ya maji izidishwe kwa kipenyo cha bomba na kwa densiti ya maji, kisha igawanywe kwa mnato wake. Maji yakitulizwa sana kabla ya kuingia, mstari wa rangi uliweza kunyoka mpaka hesabu hiyo ilipokaribia 13,000. Alipopima upungufu wa shinikizo katika mabomba ya risasi, ambamo maji yaliingia yakiwa yamekwisha kuvurugika, alikuta kwamba chini ya 2,000 hivi vurumai yote hutulia. Hesabu hiyo ndiyo iitwayo leo namba ya Reynolds. Jina hilo alilitoa Arnold Sommerfeld wa Ujerumani mwaka 1908, ijapokuwa hesabu yenyewe ilikwisha kujitokeza katika kazi ya George Gabriel Stokes ya mwaka 1851. Mswada wa 1883 ulihakikiwa na Stokes huyo pamoja na Lord Rayleigh, nao waliupokea vizuri. Ndivyo ilivyotazamiwa, kwa kuwa hoja iliyomo ilionekana kwa macho. Mwandishi akiwa na maneno magumu, mstari wa rangi ulimsemea. Mwaka 1888 Reynolds alipewa nishani ya kifalme ya chama hicho, wakati ambapo Stokes alikuwa Rais wake.

Miaka kumi na moja baada ya makala ile, rangi haikuwapo tena. Katika mswada wa 1894 Reynolds alitaka kueleza kwa hesabu tupu kwa nini vizingia huishi au hufa. Shauri lake, likisemwa kwa ufupi, ni hili. Kasi ya maji mahali popote igawanywe mafungu mawili: kasi ya wastani, na mtikisiko unaozidi au kupungua kuliko wastani huo. Mafungu hayo yatiwe katika milinganyo ya mwendo wa maji iliyoachwa na Navier wa Ufaransa na Stokes, kisha uchukuliwe wastani wa milinganyo mizima. Mtu angedhani kwamba mitikisiko ingefutana yote. Haifutani. Mitikisiko miwili ikizidishwa pamoja huacha salio, na salio hilo hutenda kazi ndani ya maji mfano wa kani ya msuguano. Kwa njia hiyo nguvu hutolewa katika mwendo wa wastani na kupewa vizingia, na mnato nao huzila nguvu hizo na kuzigeuza joto. Pato la vizingia likizidi matumizi, vurumai hudumu, likipungua, hufa. Kwa maji yapitayo kati ya bapa mbili zilizo sambamba alipata kwa hesabu kikomo cha 517.

Hayo ni wazi leo kwa sababu watu wamekwisha kuyafundisha kwa zaidi ya miaka mia. Katika mswada hayakuwa wazi. Reynolds hakuanzia penye bomba. Alianzia kwenye molekuli, akitaka kutenga kwanza mwendo wa joto na mwendo wa maji yenyewe, ndipo autenge tena mwendo wa maji kuwa wastani na mtikisiko. Katika kazi hiyo alizua majina yake, mojawapo likiwa la mwendo ambao ni wastani wa wastani, maneno yaliyofungwa pamoja kwa vistari kana kwamba kistari kingeweza kufanya kazi ya maelezo. Msomaji aliyetaka kujua habari za mabomba ilimbidi kwanza avuke msitu huo.

Wakati ule Royal Society ilikuwa na utaratibu uliokwisha kukomaa. Jarida lake, Philosophical Transactions, lilianza mwaka 1665; na tangu miaka ya 1830 mswada ulipelekwa kwa wataalamu walioandika maoni yao, na majina yao hayakuambiwa mwandishi. Utaratibu huo ulikuwa na doa, na Rayleigh, aliyekuwa Katibu wa chama mwaka 1894, alilijua kuliko mtu yeyote. Mwaka 1845 mhandisi mmoja wa Edinburgh, John James Waterston, aliyekuwa akifundisha mabaharia wa Kampuni ya India mjini Bombay, alituma mswada juu ya mwendo wa molekuli za gesi. Mhakiki mmoja aliuhukumu kuwa upuuzi mtupu. Haukuchapishwa ila kwa muhtasari, wala haukurudishwa, maana kwa kanuni mswada uliosomwa ulikuwa mali ya chama. Na Waterston hakuwa na nakala. Mambo mengi aliyoyaandika yaligunduliwa upya na wengine. Waterston alifariki mwaka 1883. Rayleigh aliukuta mswada katika hifadhi za chama mwaka 1891, akauchapisha mwaka 1892 kwa utangulizi wake mwenyewe, ambamo aliwashauri vijana wasiojulikana wajijengee kwanza jina kwa kazi za wastani kabla ya kupeleka fikira kubwa mbele ya vyama. Ushauri huo ni wa busara na unatia uchungu kwa pamoja. Ulipoingia mswada wa Reynolds, utangulizi huo ulikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Wahakiki walioteuliwa walikuwa Stokes, mwenye umri wa miaka 74, na Horace Lamb. Huyu Lamb alikuwa profesa wa hesabu katika Manchester tangu mwaka 1885, chuo kilekile cha Reynolds. Na siku zilezile alikuwa akitayarisha kitabu chake kikubwa juu ya mwendo wa vimiminika, ambacho kilitoka upya mwaka 1895. Mhakiki na mwandishi, basi, walikuwa wakifundisha pamoja, na kwa kanuni mmoja hakupaswa kujua kwamba mwenzake ana mswada wake.

Stokes aliuona mswada mgumu kufuatika, wala hakuweza kujithibitishia hoja zake. Walakini hakushauri ukataliwe, kwa kuwa uwezo wa mwandishi ulikwisha kujulikana. Lamb aliandika kwa urefu na kwa ukali zaidi. Kwake yeye sehemu kubwa ilikuwa na giza, na baadhi ya misingi haikuwa imethibitishwa. Hata hivyo alishauri uchapishwe, maana uwanja wenyewe kwa kiasi kikubwa ulikuwa umefunguliwa na Reynolds, naye alistahili kusikilizwa humo. Hukumu hiyo ni ya haki kuliko inavyoonekana mara ya kwanza. Lamb hakudai kwamba ameelewa, wala hakufanya kutoelewa kwake kuwa dalili ya upuuzi wa mwenziwe. Ni kweli pia kwamba laiti mswada uleule ungalitoka kwa mtu asiye na jina, huko Bombay au kwingineko, yamkini ungalilala pale ulipolala ule wa Waterston. Sifa ya kazi ya 1883 ndiyo iliyoulipia nauli.

Reynolds alipelekewa maoni hayo, akajibu kwa barua, akautengeneza mswada na kuongeza maelezo. Makala ikatoka mwaka 1895. Giza halikuondoka lote. Majina yale ya wastani wa wastani yamo mpaka leo katika kurasa zilizochapwa. Lakini hatua za hoja zilikuwa zimepangwa kiasi kwamba mtu mwenye subira aliweza kuzifuata, akaacha molekuli kando na kuchukua kilichomfaa. Ndivyo walivyofanya waliomfuata. Lile salio la mitikisiko waliliita mkazo wa Reynolds, na milinganyo yake ya wastani ikawa, baada ya kompyuta kuingia katika nusu ya pili ya karne ya 20, msingi wa hesabu za wahandisi wa mabomba, ndege na mitambo ya upepo.

Kuhusu misingi isiyothibitishwa, Lamb alikuwa ameona mbali. Milinganyo ya Reynolds huleta visivyojulikana vingi kuliko idadi yake yenyewe, na pengo hilo halijazibwa hata leo ila kwa makisio. Inasimuliwa kwamba Lamb alipokuwa mzee alisema anatarajia kupata nuru peponi juu ya mambo mawili, umeme katika nadharia ya kwanta na vurumai ya vimiminika, na kwamba kwa lile la kwanza ana matumaini zaidi.

Tangi la Reynolds limehifadhiwa Manchester. Jaribio liliporudiwa kwa chombo chake karibu miaka mia baadaye, mstari wa rangi ulivurugika kabla ya kufikia 13,000, kwa sababu mitetemo ya magari barabarani ilikuwa imeingia majini. Barua za wahakiki nazo zilibaki katika hifadhi za London, na mwanzoni mwa karne hii wataalamu wawili wa Manchester, Derek Jackson na Brian Launder, walizisoma na kuzitolea habari mwaka 2007. Reynolds alikuwa amefariki tangu Februari 1912, baada ya miaka kadhaa ya ugonjwa uliomwondolea nguvu za akili. Royal Society ilipotaka taazia yake iandikwe, kazi hiyo ilimwangukia Lamb. Aliifanya kwa heshima kubwa, akasema kwamba tabia ya marehemu, kama maandishi yake, ilikuwa ya peke yake.