Baiskeli ya milimani: Chunguza breki kabla ya springi

WATU wengi wanaotafuta baiskeli ya kupandia na kushukia vilima vya Meru na Embu huvutiwa kwanza na springi. Baiskeli yenye kifyonza mshtuko mbele na kingine nyuma, ambacho mafundi wa mitaani hukiita shokomzoba, huonekana imara na hufanana kidogo na pikipiki. Muuzaji akikibonyeza kiti mara mbili tatu, nacho kikadundadunda, mnunuzi huanza kupapasa mfuko.

Hata hivyo, mtu anayeishi kwenye ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya anafaa kuanzia kwingine. Hapa hatari kuu huwa katika kushuka, wala si katika mashimo ya njiani. Barabara ya kutoka Embu hadi Meru, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, hukata mabonde ya mito inayotiririka kutoka mlimani kuelekea Tana: Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga na mingine mingi midogo. Kila bonde lina mteremko wake na kona zake. Mnamo Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia katika bonde la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Taarifa za mwanzo zilitaja hitilafu ya breki. Baiskeli haina uzito wa basi, lakini mteremko ni ule ule, na njia za pembeni zinazopita katika mashamba ya kahawa na majani chai huwa kali kuliko barabara ya lami.

Ni vyema kukumbuka kwamba hata historia ya baiskeli ya milimani ilianza na tatizo la breki. Katika miaka ya sabini, vijana wa Marin County, jimbo la California nchini Marekani, wakiwemo Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, walikuwa wakichukua baiskeli nzito za zamani na kushindana kuteremka kilima. Shindano lao la kwanza lilifanyika Oktoba 21, 1976. Baiskeli nyingi zilikuwa na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na kufikia chini ya kilima grisi iliyokuwa ndani ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeungua na kugeuka moshi. Ilibidi gurudumu lifunguliwe na kujazwa grisi upya. Ndiyo maana shindano hilo likaitwa Repack, yaani kujaza upya. Vifyonza mshtuko vilikuja baadaye sana. Kampuni ya RockShox, iliyovieneza, iliundwa mwaka wa 1989.

Hesabu ya kilichounguza grisi hiyo ni rahisi. Chukua njia ya msituni inayotoka lango la Chogoria la Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hadi mjini Chogoria. Ni mwendo wa karibu kilomita 30, na mtu hushuka zaidi ya mita 1,000. Ikiwa mwendeshaji pamoja na baiskeli yake wana uzani wa kilo 95, nishati inayoachiliwa katika mita 1,000 hizo inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Upepo na matairi huchukua sehemu yake. Iliyosalia huishia katika vipande viwili vidogo vya breki.

Breki za raba zinazobana rimu, ambazo bado zimejaa katika baiskeli za mitumba, zinaweza kumfikisha mtu chini siku ya jua. Siku ya mvua ni jambo jingine. Udongo mwekundu wa mlima huu hunata, hugandamana kwenye rimu, na ukichanganyika na mchanga husugua raba na rimu yenyewe kama msasa. Upande huu wa mlima, mvua za Oktoba hadi Desemba mara nyingi huwa nzito hata kuliko zile za Machi hadi Mei, kwa hivyo matope si jambo la wiki mbili.

Breki za diski ndizo zifaazo, na ziko za aina mbili. Za waya hazina nguvu nyingi, lakini waya ukikatika, fundi yeyote wa Embu au Chuka ana mwingine. Za mafuta huvuta kwa kidole kimoja na hazichoshi mkono katika mteremko mrefu. Mnunuzi wa breki za mafuta anapaswa kuuliza swali moja ambalo wauzaji wengi hawalitarajii: zinatumia mafuta gani? Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM zimetumia kiowevu cha DOT, kama kile cha magari. Ukichanganya, mipira ya ndani huharibika na breki hufa. DOT 4 na DOT 5.1 zinapatikana katika maduka ya vipuri vya magari, ilhali DOT 5 ni ya silikoni na haifai kabisa, ijapokuwa jina lake linakaribiana na hizo. Mafuta ya madini huenda yakaagizwa kutoka Nairobi. Aidha, diski ya mbele iwe pana: milimita 180 au 203 hupoa upesi kuliko ile ya 160.

Hapo ndipo springi inapoingia. Kifyonza mshtuko cha kweli kina sehemu mbili. Ya kwanza ni springi yenyewe, iwe ya chuma au ya hewa iliyoshindiliwa. Ya pili haionekani kwa nje: ni mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo ili springi isirudi kwa kishindo. Bila mafuta hayo, baiskeli ikigonga mzizi humrusha mwendeshaji juu, na gurudumu la nyuma huacha ardhi wakati ule ule ambapo breki inahitaji gurudumu liwe chini.

Baiskeli nyingi za bei nafuu zenye springi mbili hazina sehemu hiyo ya pili. Kuzitambua si kazi ngumu. Bonyeza kiti kwa nguvu kisha uachilie ghafla. Kikirudi mara moja, kwa utulivu, kuna mafuta ndani. Kikidunda mara tatu nne, hiyo ni springi ya kitanda. Tafuta pia kitufe cha kupunguza au kuongeza kasi ya kurudi, na kama ni ya hewa, tundu la kujazia. Baadhi ya baiskeli hizo za rafuni hubandikwa kibandiko kinachosema, kwa herufi ndogo, kwamba hazikuundiwa njia za porini. Kibandiko hicho kinasema kweli kuliko muuzaji.

Baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya njia za msituni na milimani huwa na springi zinazoshuka milimita 120 hadi 150. Chini ya hapo ni za mashindano ya mwendo mrefu. Zile za 200 ni za kuteremkia tu, na kuipandisha moja kutoka Nkubu kuelekea msituni ni adhabu. Ya hewa ni nyepesi na hurekebishwa kulingana na uzito wa mtu, lakini huhitaji pampu yake maalumu yenye kufikia shinikizo kubwa. Pampu ya jua kali haitatosha. Mwendeshaji akiketi akiwa na mavazi na mzigo wake wote, kifyonza cha nyuma kinafaa kuzama kati ya asilimia 25 na 30 ya urefu wake wa kushuka. Kikiwa na milimita 50, kizame takriban 15. Kikizama zaidi, pedali zitagonga mawe.

Gharama haiishii dukani. Fremu ya aina hii ina viungo kadhaa vyenye beringi, na matope ya Imenti hayazionei huruma. Nguzo za uma wa mbele hutakiwa kufunguliwa na kubadilishiwa mafuta baada ya kila saa 50 hivi za kuendeshwa, kulingana na maagizo ya watengenezaji wengi. Asiyeweza kugharimia huduma hiyo, au aliye mbali na fundi anayeijua, atajikuta baada ya msimu mmoja na baiskeli nzito inayolialia.

Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka baiskeli moja ya kwendea kazini, sokoni na kutembelea msitu Jumapili atapata faida zaidi kwa kununua yenye springi ya mbele pekee. Kwa bei ile ile atapata breki bora, gia bora na fremu inayokubali keria ya kubebea mtungi wa maziwa, jambo ambalo fremu ya springi mbili hulikataa. Springi mbili zinamfaa yule anayeingia katika njia za mizizi na mawe mara kwa mara, au anayejiandaa kwa mashindano. Yapo mashindano ya 10to4, ambayo huandaliwa na shirika la Mount Kenya Trust kuchangia uhifadhi. Jina lake linatokana na kushuka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000.

Magurudumu pia yana siasa yake. Ya inchi 29 hupita juu ya mawe kwa urahisi, lakini tairi lake likichanika Ishiara au Siakago, safari imekwisha. Ya inchi 26 yamezeeka kimtindo, ila tairi na tyubu zake hupatikana kwa urahisi kutokana na wingi wa mitumba. Anayeshuka hadi nyanda kavu za Mbeere na Tharaka, kwenye changarawe na miiba ya migunga, ajaribu matairi yasiyo na tyubu, ambayo hutiwa maji mazito ya kuziba matundu. Mwiba mmoja hautamsimamisha.

Kwa baiskeli ya mtumba, uchunguzi uchukue nusu saa. Geuza baiskeli, shika gurudumu la nyuma na ulitikise kando kwa kando. Likicheza kwenye viungo, beringi zimekwisha. Futa vumbi kwenye maungio ya fremu utafute nyufa, hasa karibu na pedali na mahali kifyonza kinapofungwa. Nguzo za uma zikiwa na mikwaruzo, mafuta yatavuja. Dai stakabadhi, na ulinganishe nambari iliyochongwa kwenye fremu na ile iliyoandikwa.

Anayelenga msitu ajue kwamba kuna nyati na ndovu, na kwamba baiskeli iteremkayo haina mlio wa kuwaonya. Sehemu za mbuga husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na misitu mingi inayouzunguka mlima iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Ruhusa na ada huulizwa langoni kabla ya kuingia, na ni busara kwenda na mwenyeji anayejua kona zilizofichwa.

Jambo la mwisho huwakuta wengi siku ya kwanza. Breki mpya za diski hazina nguvu zake kamili zinapotoka dukani. Huhitaji kuzoeshwa kwenye barabara tambarare: endesha kwa kasi ya wastani, kamata breki hadi ukaribie kusimama, rudia mara 15 au 20, gurudumu moja baada ya jingine. Na fundi aliyezoea kupaka mafuta kila kinachozunguka katika Black Mamba aonywe mapema kwamba diski haipakwi mafuta. Tone moja likiifikia, vipande vya breki hutupwa.