Mazoezi ya makusudi

Mazoezi ya makusudi ni njia ya kujifunza ambayo mtu huchagua sehemu iliyo dhaifu katika ustadi wake, huifanyia kazi kwa umakini, hupata mrejesho kuhusu makosa yake na kuyasahihisha kabla ya kusonga mbele. Katika saikolojia dhana hii inahusishwa hasa na K. Anders Ericsson (1947–2020), mwanasaikolojia kutoka Uswidi aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani.

Tofauti na kurudia tu

Kufanya jambo mara nyingi si sawa na kulifanyia mazoezi. Dereva mwenye uzoefu wa miaka 20 si lazima awe bora kuliko alivyokuwa katika mwaka wake wa tano. Kazi ikishazoeleka hufanyika bila kufikiri, na maendeleo husimama. Ili yaanze tena inabidi mtu ajaribu jambo linalomzidi kidogo, na ndiyo sababu mazoezi ya aina hii huchosha na kwa kawaida hayafurahishi.

Jaribio la tarakimu

Mfano ulio wazi zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ericsson na mwenzake William Chase walimsomea mwanafunzi mmoja orodha ya tarakimu, moja kila sekunde, naye alitakiwa kuzirudia kwa mpangilio uleule. Akipatia, orodha iliyofuata iliongezwa tarakimu moja, akikosea, ilipunguzwa. Kwa hiyo alifanya kazi kwenye mpaka wa uwezo wake kila wakati, na alijua papo hapo kama amekosea.

Alianza na tarakimu 7 hivi, kama watu wengi. Baada ya takriban saa 230 za mazoezi, zilizogawanywa katika miezi 20, alifikia 79. Kumbukumbu yake kwa ujumla haikuwa imekua. Alikuwa mkimbiaji, na alijifunza kugeuza makundi ya tarakimu kuwa muda wa mbio: 3492 ikawa dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa kukimbia maili moja. Alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye herufi 6 hivi.

Wapiga fidla na "saa 10,000"

Mwaka 1993 Ericsson, Ralf Krampe na Clemens Tesch-Römer walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Hadi umri wa miaka 18, kundi bora lilikuwa limefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa 7,410, kundi la pili saa 5,301, na waliosomea ualimu wa muziki saa 3,420. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba makundi mawili ya juu pia yalilala zaidi, pamoja na usingizi wa mchana.

Kitabu cha Malcolm Gladwell, *Outliers* (2008), kilieneza "kanuni ya saa 10,000". Ericsson aliipinga: idadi hiyo ilikuwa wastani wa kundi bora katika umri wa miaka 20, wengi kati yao hawakuifikia, na hesabu ya saa haionyeshi zilitumikaje.

Njia ya Franklin

Benjamin Franklin alieleza katika tawasifu yake jinsi alivyojifunza kuandika. Alichukua makala za gazeti la *The Spectator*, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, akaziweka kando kwa siku kadhaa, kisha akajaribu kuziandika upya na kulinganisha na asili. Hakuwa na mwalimu. Makala yenyewe ilimsahihisha. Mwanafunzi anayefunga kitabu, kufanya swali na kukagua jibu lake hutumia njia iyo hiyo, tofauti na anayesoma sura moja mara tano.

Ukosoaji

Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi. Mazoezi yalieleza asilimia 26 ya tofauti za uwezo kati ya watu katika michezo kama sataranji, 21 katika muziki, 18 katika riadha na michezo mingine ya mwili, na 4 tu katika elimu. Ericsson alijibu kwamba baadhi ya tafiti hizo zilihesabu mazoezi ya kila aina, hata yasiyo na mwalimu wala mrejesho. Mwaka 2019 Macnamara na Megha Maitra walirudia utafiti wa fidla: kundi bora na kundi la pili walikuwa na saa karibu sawa, ingawa wote waliwazidi kwa mbali wale wa kundi la chini.