Machweo Yasiyo na Watu

Mwezi Septemba mwaka jana nilikuwa na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu katika ziara ya masomo. Jioni moja gari letu lilisimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, upande ambao barabara huanza kuelekea Serengeti. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu. Jua lilikuwa limeshuka chini ya mawingu, vumbi la kiangazi limetanda, na anga lote la magharibi limegeuka rangi ya shaba. Kila mwanafunzi alitoa simu. Mimi nilitoa kamera, maana kwa miaka kumi na tano sasa nimekuwa nikijidai mpiga picha.

Mbele yangu ulisimama mgunga mmoja. Kati yangu na mgunga ule alikuwa akipita kijana wa Kimaasai na ng'ombe wasiozidi ishirini, pamoja na punda wawili waliobeba madumu ya maji. Walikuwa wanarudi bomani. Nilishusha kamera nikangoja. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, “Dokta, unasubiri nini? Jua linazama.” Nikamjibu bila kufikiri, “Nasubiri wapite.”

Hakusema neno, akapiga picha yake. Wale wakapita, nami nikapiga yangu: mgunga, anga jekundu, nyasi zisizo na mwisho, na hakuna mtu. Ni picha nzuri, silikani hilo. Lakini jibu langu limenisumbua tangu siku ile, kwa sababu kazi yangu ni historia, na mtu aliyesoma historia ya nchi ile alipaswa kusita kabla ya kutamka maneno hayo mahali pale.

Kamera ilianza kuwaondoa watu tangu utotoni mwake, wala haikukusudia. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara hiyo ilikuwa na magari ya farasi na wapita njia wengi, lakini katika picha imekauka kama jangwa. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na chochote kilichokuwa kikitembea hakikuacha alama. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama kusafishwa viatu. Yeye anaonekana vizuri. Msafisha viatu, ambaye mikono yake ilikuwa ikifanya kazi, anaonekana kwa shida. Kila mwaka nawaonyesha wanafunzi picha hiyo, na kila mwaka yupo anayegundua jambo hilo kabla sijalisema.

Machweo yenyewe yalichelewa kuingia kwenye picha. Vioo vya kupigia picha vilivyotumika katikati ya karne ya 19 viliona sana rangi ya buluu na karibu havikuona nyekundu. Anga la mchana lilitoka jeupe kama karatasi, na wekundu wa jioni ulitoka mweusi. Mfaransa Gustave Le Gray, aliyepiga picha za bahari miaka ya 1856 na 1857, alitatua tatizo hilo kwa hila: alipiga kioo kimoja cha anga na kingine cha maji, kisha akaviunganisha katika karatasi moja. Watazamaji walistaajabia mawingu ambayo huenda hayakuwahi kuwa juu ya bahari ile. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba kioo kikitiwa rangi fulani huanza kuona kijani na kuendelea. Rangi kamili zilikuja na vioo vya ndugu wa Lumière mwaka 1907, na filamu ya Kodachrome mwaka 1935. Kwa hiyo machweo mekundu ya kalenda zetu ni kitu cha juzi tu.

Aliyeipa picha ya mandhari nguvu ya kisiasa ni Mmarekani Carleton Watkins. Mwaka 1861 aliingia bonde la Yosemite, California, na msafara wa nyumbu waliobeba kamera kubwa, hema la giza, kemikali, na vioo vya takriban sentimita 46 kwa 56. Kila kioo kilipakwa dawa, kikapigwa na kusafishwa kabla hakijakauka, hukohuko mlimani. Picha zake zilionyeshwa New York mwishoni mwa mwaka 1862. Tarehe 30 Juni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kulitenga bonde hilo kwa starehe ya umma, na wanahistoria wengi huzihesabu picha za Watkins miongoni mwa vilivyowashawishi wabunge ambao hawakuwahi kufika huko.

Nyingi ya picha hizo hazina mtu. Maporomoko, miamba, kioo cha maji, kimya. Lakini miaka kumi tu kabla, mwaka 1851, kikosi cha wanamgambo kiitwacho Mariposa kiliingia bonde hilohilo kuwatoa Waahwahneechee, waliokuwa wakiongozwa na mzee Tenaya, na kilichoma vijiji na akiba zao za chakula. Baadhi yao walirudi baadaye, wakaishi humo bondeni, wakifanya vibarua. Nyumba za mwisho za kijiji chao ziliondolewa mwaka 1969.

Hapa naomba nieleweke vizuri, maana wanaharakati ninaowaheshimu hupenda kurahisisha. Picha ya Watkins haikumfukuza mtu. Waliofukuza ni watu wenye bunduki, na walikuja kabla ya kamera. Kazi ya picha ilikuwa nyingine, na kwa maoni yangu ilidumu zaidi: ilifanya ufukuzaji uonekane haukutokea. Aliyeitazama mwaka 1862 aliona mahali pasipo na mwenyewe, palipongoja kulindwa. Mantiki hiyo ilihamia Yellowstone mwaka 1872, hifadhi ya taifa ya kwanza, ikisaidiwa na picha za William Henry Jackson, na kutoka huko ikazunguka dunia mpaka kutufikia.

Ilipotufikia ilikuta maelezo ya ardhi tupu yakiwa tayari. Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona kreta ya Ngorongoro, alifika mwezi Machi 1892. Fikiria msomaji alifika wakati gani. Sotoka ilikuwa imetoka kuua ng'ombe wa Wamaasai karibu wote, ndui ikafuata, na njaa baada yake. Baumann mwenyewe aliandika juu ya watu waliobaki mifupa mitupu wakiomba chakula. Nyanda zilizoonekana hazina watu miaka ile zilikuwa zimetoka kwenye msiba. Waliokuja baadaye waliuona upungufu ule wakauita hali ya asili, na malisho yaliyogeuka vichaka wakayaita pori la tangu kuumbwa kwa dunia. Hata jina la Serengeti, linalosemwa kutokana na neno la Kimaasai la nchi inayotanda bila kikomo, ni jina lililotolewa na watu waliokuwa wakilisha humo.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, Wamaasai wakiwa ndani. Mwaka 1958 wazee 12 waliweka alama zao kwenye hati, iliyoandaliwa na watawala, ya kukubali kuondoka Serengeti ya magharibi, pamoja na Moru na vyanzo vyake vya maji. Mwaka 1959 eneo liligawanywa: Serengeti ikawa ya wanyama peke yao, na Ngorongoro, kilomita za mraba zipatazo 8,300, ikawa ya wanyama na watu pamoja. Gavana Richard Turnbull aliwaahidi Wamaasai mwaka huohuo kwamba pale maslahi ya watu na ya wanyama yatakapogongana, ya watu yatatangulia. Ukifika leo kwenye miamba ya Moru utaona ngao zilizochorwa na wachungaji kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Watalii huzipiga picha sana.

Mwaka huo wa 1959 ndipo ilipotoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, yenye jina linalosema kwamba Serengeti isife. Michael alikufa Januari 1959, ndege yao iliyochorwa milia ya pundamilia ilipoanguka baada ya kugongana na tai. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Wengi huandika kwamba ndiyo iliyowatoa Wamaasai. Tarehe zinakataa; hati ilikuwa imekwisha kuwekwa alama. Lakini katika kitabu kilichoandamana na filamu Grzimek alisema wazi kwamba hifadhi ya taifa lazima ibaki pori la asili, na kwamba mtu yeyote, hata mwenyeji, asiishi ndani yake. Mamilioni waliipokea Serengeti ya namna hiyo, iliyoonekana kutoka angani, na wajukuu wao wanakuja kuitafuta mpaka leo kwa fedha za kigeni tunazozihitaji.

Haki inanilazimu niongeze upande wa pili. Bila picha zile huenda fedha za uhifadhi zisingepatikana, na nani ajuaye mashamba na bunduki zingefanya nini. Nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Ila sababu kubwa ya ongezeko hilo, kwa mujibu wa wanaikolojia wenyewe, ni chanjo dhidi ya sotoka. Na waliochanjwa ni ng'ombe. Wachungaji waliohesabiwa kuwa tishio kwa nyumbu ndio waliosogeza mifugo yao kwenye sindano, na ugonjwa ukakauka pande zote mbili. Sijapata kuona picha ya jambo hilo ukutani mwa hoteli yoyote.

Ningeweza kujitetea kwamba picha za machweo huwa zina watu pia: Mmaasai amesimama kwa mguu mmoja, mkuki mkononi, jua nyuma yake. Ni kweli, lakini hebu tazama jinsi picha hiyo inavyofanyika. Kamera huwekwa ipime mwanga wa anga, na yeyote aliye mbele ya anga hilo huwa kivuli cheusi. Hana uso, hana umri, hana madumu ya maji. Yumo kama mgunga ulivyomo.

Nilipata kukaa katika kikao cha kuandaa kijitabu cha utalii, ofisi nisiitaje. Picha nzuri sana ya bonde ilikataliwa kwa sababu bati za nyumba tatu zilikuwa zinang'aa kwa mbali. Zilisemwa kuwa zinachafua mandhari. Wajumbe walikubali, na miongoni mwao nilikuwamo mimi, mwenye shahada ya uzamivu ya historia. Ofisa aliyepewa kazi alizifuta kwa kompyuta kwa dakika chache.

Sisemi haya kama mambo yaliyopita. Mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta walitolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku Ngorongoro yote. Tangu mwaka 2022 familia zimekuwa zikihamishwa kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanaohama wanahama kwa hiari na inataja ongezeko la watu na mifugo. Wapo wakazi wengi wanaopinga, wanaotaja huduma zilizofifia na ahadi za mwaka 1959. Mjadala huo una takwimu zake na sheria zake, na watumishi wa umma wanaonisoma hapa wanazijua kuliko mimi. Ninachokijua ni kwamba wengi wa wanaoujadili, mijini kwetu na Ulaya, hawajafika huko, na wana picha moja tu vichwani. Katika picha hiyo boma ni kitu kilichoingia juzi.

Tuliporudi chuoni nilimwomba yule mwanafunzi anitumie picha yake. Simu za siku hizi hupiga picha kadhaa kwa mpigo, nyingine za anga na nyingine za giza, kisha huziunganisha. Ni hila ileile ya Le Gray, ila inafanywa na mashine. Kwa sababu hiyo anga lake ni jekundu kama langu, na uso wa kijana unaonekana. Madumu ni ya njano. Punda mmoja amegeuza kichwa. Pembeni, upande wa kushoto, nimo mimi, kamera imeshuka kiunoni. Kijana amenyoosha fimbo yake, anamharakisha ndama wa mwisho, nadhani kwa adabu tu, asije akanichelewesha.