Jaza Tu, Fundi

Juu ya paa la jengo la ofisi jijini Dar es Salaam, saa nane mchana, fundi alichuchumaa mbele ya mashine ya nje ya kiyoyozi, akaunga mipira ya geji yake na kusubiri mshale utulie. Ulitulia chini sana. "Mzee, gesi imepungua tena. Kuna mahali inavuja." Mwenye jengo alikuwa amesimama kwenye kivuli cha tangi la maji, simu sikioni, wapangaji wa ghorofa ya tatu walikuwa wamekwisha kumpigia mara nne tangu asubuhi. "Jaza tu, fundi. Hilo la kuvuja tutaliangalia mwezi ujao." Fundi hakubishana. Alifungua koki ya mtungi, gesi ikaanza kuingia kwa mlio kama wa nyoka, na mimi niliyepanda juu kwa udadisi nikabaki na swali: je, mwenye jengo wa Osaka, wa Hamburg au wa Houston angeweza kutamka maneno hayo?

Jibu fupi ni kwamba wa Osaka asingeweza. Wa Hamburg angeponzwa na "mwezi ujao" zaidi kuliko "jaza". Wa Houston angeweza, lakini kwa kipimo. Jibu refu linavutia zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba mashine ileile, yenye mabomba yaleyale ya shaba na kompresa ileile, kila sheria inaisogelea kwa mlango wake.

Kwanza gesi yenyewe. Gesi za mwanzo za kupozea, kama amonia na dioksidi ya salfa, zilikuwa na sumu. Ndiyo maana kemikali zilizobuniwa na Thomas Midgley na wenzake Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, zisizowaka wala kudhuru pumzi, zilipokewa kama neema. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini iliyomo humo hula tabaka la ozoni. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga ya Antaktika wakatangaza tundu lenyewe. Mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal. R-22, ambayo mafundi wetu huiita "ishirini na mbili", ilidhuru ozoni kidogo kuliko zile za awali, lakini ilidhuru. Mrithi wake mkubwa katika viyoyozi, R-410A, haina klorini kabisa. Tatizo ni kwamba kilo moja yake ikitoka hewani hupasha dunia joto, kwa hesabu ya miaka 100, kama kilo 2,088 za kaboni dioksidi, ilhali R-22 ni 1,810. Ozoni ikaanza kupona, hali ya hewa ikaumia: tuliruka majivu tukakanyaga moto. Marekebisho yaliyokubaliwa Kigali tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya mazungumzo yaliyokesha hadi alfajiri, ndiyo yaliyoziingiza gesi hizi za pili katika mkataba uleule.

Japani inamwendea mwenye mashine. Sheria yao ya gesi hizi ni ya mwaka 2001, lakini sura yake ya sasa ilianza kutumika Aprili 2015, na neno lililo katikati yake ni *kanrisha*, yaani msimamizi, ambaye kwa kawaida ndiye mmiliki. Kila baada ya miezi mitatu msimamizi huyu, yeye mwenyewe au mfanyakazi wake, hutakiwa kuikagua mashine ya biashara kwa macho na masikio: je, ina mlio mgeni, kutu, barafu pasipostahili, madoa ya mafuta kwenye maungio? (Mafuta, kwa sababu gesi inapotoroka huondoka na mafuta ya kompresa, na doa hubaki kama nyayo za mwizi.) Ukaguzi huo hauhitaji cheti. Kompresa ya kiyoyozi ikifika kilowati 7.5, mtaalamu huitwa kila miaka mitatu. Ikifika 50, kila mwaka. Kila kilo iliyojazwa au kutolewa huandikwa katika daftari ambalo halitupwi maadamu mashine ipo. Na hapa ndipo "jaza tu" inapogonga ukuta: kwa kawaida ni marufuku kujaza gesi katika mashine inayojulikana kuwa inavuja kabla haijatengenezwa. Dharura ina mlango mwembamba, mara moja tu, na matengenezo yafuate ndani ya siku 60.

Marekani nayo huuliza kwanza mashine ilizaliwa lini. Sheria ya kupunguza gesi hizi ilipitishwa na Kongresi Desemba 2020, ikatiwa saini na Rais Donald Trump. Miaka miwili baadaye Seneti iliridhia Marekebisho ya Kigali kwa kura 69 dhidi ya 27, jambo la ajabu kidogo katika mji ambao vyama viwili havikubaliani hata kuhusu hali ya hewa ya jana. Kanuni za shirika lao la mazingira zilisema hivi: viyoyozi vipya vya nyumba na vya biashara za kawaida vinavyoundwa au kuingizwa nchini kuanzia 1 Januari 2025 visiwe na gesi yenye nguvu ya kupasha joto inayofika 700. Mifumo mikubwa ambayo mashine moja ya nje hulisha vyumba vingi ilipewa mwaka mmoja zaidi. Lakini mashine iliyokwisha kufungwa haikuguswa. Mwenye jengo wa Houston mwenye R-410A juu ya paa anaweza kuitunza, kubadilisha vipuri na kuijazia gesi mpaka ichoke yenyewe. Mzee amestahiwa, mtoto ndiye aliyepewa masharti.

Si kwamba Mmarekani haulizwi kuhusu kuvuja. Anaulizwa kwa hesabu. Kwa mitambo yenye gesi ya kuanzia ratili 15, sawa na kilo 6.8 hivi, isipokuwa viyoyozi vya nyumba na vya biashara za kawaida, kila anapojaza hupiga hesabu ya kiasi kinachopotea kwa mwaka. Mtambo wa kupoza jengo ukizidi asilimia 10, ana siku 30 za kuutengeneza. Chini ya hapo sheria hunyamaza. Tofauti na Japani ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sheria ya Japani hudhani kwamba mashine nzima haivuji, na ikivuja kuna kasoro. Ya Marekani hudhani kwamba kila mashine huvuja kidogo, na kazi yake ni kuchora mstari kati ya kidogo na kingi. Mafundi niliowahi kuzungumza nao wangeunga mkono dhana ya pili. Wapangaji, nadhani, wangetaka ya kwanza.

Ulaya haimwendei mtu kwanza wala tarehe. Inaweka mashine kwenye mizani. Mizani yenyewe haipimi kilo bali madhara: uzito wa gesi huzidishwa kwa nguvu yake ya kupasha joto, na jibu husomwa kwa tani za kaboni dioksidi. Zikifika 5, mashine hukaguliwa kila mwaka. Zikifika 50, kila miezi sita. Zikifika 500, kila miezi mitatu, na kifaa kinachonusa uvujaji saa zote ni cha lazima; kikiwapo, muda wa ukaguzi huongezwa maradufu. Hivyo kilo 2.4 tu za R-410A zinatosha kumwingiza mwenye jengo wa Hamburg katika ratiba, ilhali R-32, yenye nguvu ya 675, ingemruhusu afike kilo 7.4 kabla hajaulizwa. Uvujaji ukigunduliwa utengenezwe bila kuchelewa, na ndani ya mwezi mmoja mtaalamu arudi kuthibitisha kwamba umekoma. Hapa hakuna anayelazimishwa kupenda gesi fulani. Hesabu ndiyo inayombembeleza. Kanuni mpya ya mwaka 2024 imelipeleka jambo hilo mbali zaidi: gesi za jamii hii zitaisha kabisa sokoni Ulaya ifikapo 2050.

Ubembelezaji huo ulikuwa na bei, kwa maana halisi ya neno bei. Mgao wa gesi kwa waagizaji ulipobanwa, miaka ya 2017 na 2018 bei za gesi za zamani zilipanda Ulaya kwa kasi iliyowashtua hata wafanyabiashara, na mitungi ya magendo ikaanza kuvuka mipaka ya mashariki. Japani nayo ilikuwa na aibu yake ya upande wa pili. Wamiliki waliokuwa makini katika ukaguzi hawakuwa makini katika mazishi ya mashine: kwa miaka mingi gesi iliyorudishwa wakati wa kutupa viyoyozi na friji za biashara haikufika asilimia 40. Ndiyo maana tangu Aprili 2020 anayetupa mashine bila kutoa gesi hutozwa faini bila onyo la kwanza, na mnunuzi wa vyuma chakavu haruhusiwi kuipokea bila karatasi inayothibitisha kwamba gesi imetolewa.

Kuna jambo moja ambalo mila zote hizi zimelikuta njia panda, nalo ni moto. R-410A ni mchanganyiko nusu kwa nusu wa R-32 na R-125. Hiyo R-125 ndiyo inayozuia kuwaka, na ndiyo pia yenye joto kubwa zaidi, nguvu yake ikipita 3,000. Wajapani waliitoa, wakabaki na R-32 peke yake. Kampuni ya Daikin ilianza kuiuza katika viyoyozi mwaka 2012, baada ya kuzifungulia nchi zinazoendelea hataza zake bila malipo mwaka uliotangulia. Wamarekani wengi wamechagua R-454B, ambayo nayo zaidi ya theluthi mbili ni R-32 ileile, ikichanganywa na gesi nyingine kuishusha hadi 466. India ilithubutu zaidi: kampuni ya Godrej ilileta kiyoyozi cha propani, ndugu wa gesi ya jikoni, yenye nguvu ya 3 tu. Zote hizi huwaka, propani kwa urahisi, nyingine kwa shida. Kwa mwenye jengo maana yake ni moja: gesi mpya haiwekwi katika mashine ya zamani. Anayeambiwa "nitakujazia ile mpya, ni bei nafuu" anauziwa hatari. Huko Marekani hata uzi wa koki ya mitungi hiyo hufungwa kwa kushoto, ili mkono wa fundi usimame na kukumbuka.

Ghuba ina hoja yake, na ni hoja ya jua. Oman, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na jirani zao, pamoja na India na Pakistan, waliwekwa Kigali katika kundi linaloanza kubanwa mwaka 2028, miaka minne baada ya sisi. Si uvivu. R-410A huchoka zaidi kuliko R-22 iliyoitangulia pale joto la nje linapopanda mno, na mhandisi wa Muscat haruhusiwi na Julai kufanya majaribio juu ya vichwa vya watu. Wakati huohuo miji ya Ghuba ina ufumbuzi ambao hauonekani sana kwingine: mtambo mmoja mkubwa hupoza maji na kuyasambaza kwa mabomba chini ya barabara hadi kwenye majengo mengi. Kampuni ya Tabreed ya Abu Dhabi ilianza kazi hiyo mwaka 1998. Mwenye jengo lililoungwa hapo hana gesi yoyote juu ya paa lake. Hununua baridi kama anavyonunua umeme, na maswali yote ya Osaka na Hamburg humwendea mwingine.

Kwetu Afrika Mashariki sheria inasimama zaidi bandarini. Mfumo wa vibali na mgao humshika mwagizaji, na ratiba iko wazi: matumizi ya gesi za R-410A na wenzake yaliwekewa kikomo mwaka 2024, yapungue chini ya kikomo hicho kwa asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. Kwa R-22 muda ni mfupi zaidi: mwaka 2025 ilipunguzwa kwa asilimia 67.5, na mwaka 2030 inafungwa, isipokuwa mabaki madogo ya matengenezo hadi 2040. Mpango huu una busara yake, kwa kuwa kulinda lango moja ni rahisi kuliko kukagua mapaa elfu kumi. Lakini mwenye jengo haandikiwi barua na hadaiwi daftari. Sheria itamfikia siku moja pale Kariakoo, kwa sura ya bei ya mtungi, na atadhani ni fundi anayemwibia.

Siku ile juu ya paa nilimuuliza yule mzee mashine yake ilikuwa ya gesi gani. Hakujua, tukaenda pamoja kusoma kibandiko ubavuni mwa mashine. Jua na chumvi ya bahari vilikuwa vimekibabua; mahali pa uzito wa gesi palikuwa peupe kabisa, na mahali pa jina palibaki herufi R, kistari, na mkia wa namba. "Ni ishirini na mbili," fundi alisema bila kugeuka, mkono ukiwa bado kwenye koki. "Mimi naijua kwa presha." Mzee akamuuliza imeingia kilo ngapi. Fundi akaunyanyua mtungi, akautikisa karibu na sikio, akaurudisha chini.

"Kama mbili hivi, mzee."